Kwa Nini Mwende Hakupanda Lori la Mutiso

Malaba, Stesheni
Jumapili, 9 Julai 1967

Dada yangu mpendwa Syombua,

Ni mwaka mmoja na miezi mitano sasa tangu mimi na Mwende tulipokuaga pale njia panda ya Masii, wewe ukiwa bado katika msiba wa shemeji, na sijawahi kukuandikia barua ndefu kama hii. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Mwende ni mzima kabisa, ameongezeka urefu mpaka gauni la shule linamwonyesha magoti. Ninyi je? Magoti ya mwaitu, mama yetu, yamepoa, au bado anaamka akiyakanda? Mvua ya masika iliwafikia? Mbaazi zilikubali? Na yule mbuzi mweupe aliyekataa dume, mmeshamuuza au bado mnamwonea huruma?

Muli, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole, usiruke mstari. Ukifika mahali pa kucheka, mwache mama acheke kwanza ndipo uendelee.

Dada, barua hii analeta Mutiso dereva, na utakuwa umemwona ameshuka kwenye lori peke yake. Usishtuke. Mwende hajaugua, hajatoroka, wala hajapata mtu. Yuko hapa uani ananisikia nikisoma maneno haya kwa sauti. Mimi ndiye niliyemwambia Mutiso aondoke bila yeye. Najua tulivyokubaliana: Mutiso amchukue mwezi huu, amfikishe Nairobi kwa binamu yetu ambaye mkewe amejifungua na anataka yaya, na mshahara wa Mwende uje kwako uwafae Muli na wadogo zake. Najua ulisema kwamba mtoto wa darasa la saba ameshasoma vya kutosha, na kwamba kazi haiwezi kusubiri mtihani wa mwisho wa mwaka. Nisikilize kwanza. Ukimaliza kusikiliza, ukatae ukitaka.

Kwanza nikuambie habari za kazi, maana zinahusika na haya. Bado niko ghala la mizigo hapa stesheni. Pamba ikija tunabeba marobota, kahawa ikija tunabeba magunia, na wiki iliyopita ilikuwa simiti ya Tororo usiku kucha. Simiti ni mzigo mbaya, dada. Inaingia puani, inaingia kwenye jasho, asubuhi ukijikuna unajikwangua kama chungu. Nyapara wetu ni mtu wa haki, lakini haki yake ni kwamba sote tuchoke sawasawa. Naandika haya si kwa kulalamika. Naandika ujue kwamba mtu aliyeyaona mambo ninayokusimulia alikuwa hajalala, amejaa vumbi kichwa mpaka kidole, na hata hivyo usingizi ulimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mwende analala kwa Mama Amoit, mwenye nyumba wangu, pamoja na binti zake, kama ulivyotaka. Mama Amoit ni Mteso, ana sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto, na anampenda Mwende ingawa anasema mtoto huyu atamwotesha mvi. Sababu ni maswali. Unamjua mwanao. Akikaa karibu na moto anauliza kwa nini moshi unamfuata anayehama. Akinisubiri stesheni anauliza kama behewa la mwisho linaanza kwenda wakati mmoja na la kwanza. Nilimwambia, "Behewa ni behewa, likivutwa linaenda." Akaenda kutazama, akarudi akaniambia hapana mjomba, la mwisho linachelewa, sikiliza vyuma vinavyogongana kimoja baada ya kingine. Miezi yote hiyo nimefanya kazi kando ya vyuma hivyo na sijawahi kuvisikia.

Shuleni maswali hayo yamemletea fimbo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Omuse, aliniita mara mbili. Si mtu mbaya, ni mtu anayetaka shule yake itulie. Aliniambia, "Mzee, msichana wako ana akili, lakini ana mdomo. Nikifundisha kitu kimoja ananiuliza viwili." Nikamwambia nitamsemesha. Nikamsemesha. Ni sawa na kuusemesha upepo.

Basi Alhamisi ya wiki hiyo ya simiti Mwende alikuja na habari. Kuna mwalimu wa hesabu anatoka Nairobi, anazunguka shule za huku, Malaba, Busia, mpaka Butula. Anachagua watoto wachache wakae mwezi mzima wa Agosti katika shule ya bweni upande wa Butula. Watalala huko, watakula huko, na kazi yao itakuwa hesabu tu, si mchezo wala shamba. Na wazazi walitakiwa wafike Jumamosi wamwone mtu huyo kwa macho yao, kwa sababu maneno yalikuwa yameshaenea sokoni kwamba watoto watapakiwa kwenye ndege.

Mama Amoit alisonga ugali huku akifikiri. Kisha akauliza, "Hesabu gani hiyo ambayo mtoto hawezi kuijua mpaka alale ugenini?"

Mimi niliwaza jambo jingine: Agosti ndio mwezi Mwende alitakiwa awe Nairobi akibeba mtoto wa watu mgongoni. Mwende aliniangalia, na mimi nikatazama chakula.

Jumamosi nilitoka zamu asubuhi nikaenda moja kwa moja shuleni bila kuoga. Wazazi walikuwa wamejaa madirishani. Mama mmoja anayeuza omena aliponiona alipiga kelele, "Mkamba! Umetoka kusaga unga wa nani? Tuonjeshe kidogo!" Wote wakacheka. Mama Amoit akanisogezea nafasi dirishani, akasema, "Njoo, lakini usiniegemee, hili ndilo gauni langu la kanisa."

Kabla mgeni hajafika, Mwalimu Omuse aliwapanga watoto wa darasa la saba na kuwaonya. "Akiuliza, jibu kwa kifupi. Simama wima. Mtu asimwulize mgeni kitu chochote." Alipofika hapo alimtazama Mwende muda mrefu. Mwende akatazama miguu yake.

Mgeni ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, anaitwa Mwalimu Jivan. Mwembamba, miwani mikubwa, kipande cha chaki juu ya sikio kama fundi seremala anavyoweka penseli. Kiswahili chake ni chepesi na cha haraka. Aliwasalimu watoto, akaketi juu ya dawati, si kwenye kiti alichowekewa, na Mwalimu Omuse akabaki amekishika kile kiti.

Akasema, "Leo hatuanzi na mambo magumu. Tunaanza nyumbani. Wewe kijana, nyumbani kwenu mko watu wangapi?"

Dada, unajua tayari.

Yule kijana alisimama wima kama alivyofundishwa. Akasema, "Tuko."

"Mko, ndiyo. Wangapi?"

"Tuko tu, mwalimu."

Mgeni akatabasamu, akamgeukia msichana wa nyuma. "Wewe je?"

"Tuko wengi."

"Wengi ni wangapi?"

Msichana akainama. Wa tatu aliulizwa ng'ombe wa baba yake, akasema wamekwenda malishoni. Wa nne akasema hajui, na huyo ndiye wa kwanza darasani kila muhula. Mimi nilikuwa nadhani kutohesabu watu ni mambo ya Ukambani peke yake. Nilikumbuka siku niliyohesabu mbuzi wa baba kwa kidole na mwaitu akanipiga mwiko kichwani, akaniuliza ninamwonyesha nani mbuzi wa kuchukua. Kumbe Wateso nao wana mwiko wao, na Waluhya nao. Dirishani kote watu walikuwa wamenuna. Mama Amoit akaniambia kwa sauti yake ya chini, ambayo ni sauti ya mtu mwingine ya juu, "Huyu mtu anataka nini na watoto wetu?"

Na Mwalimu Omuse je? Yeye ni mtu wa hapa hapa, alijua vizuri kwa nini watoto hawajibu. Lakini aliona aibu kumwambia mgeni wa Nairobi mambo ya mila mbele ya watu, asije akasema shule ni ya washamba. Akabaki anajifuta jasho. Mgeni akaondoa ile chaki sikioni, akaitazama, akairudisha. Akamwambia Mwalimu Omuse polepole, lakini sisi wa dirishani tulisikia, "Watoto wako wana nidhamu nzuri. Lakini kama swali hili linawashinda, sitaki kuwatesa kwa mengine. Labda niwahi Busia." Akanyanyua mkoba wake.

Moyo wangu ulishuka, dada, nikashangaa unashuka kwa nini, maana nilikuwa nimeshakubali Mwende aende Nairobi. Nilijiambia basi, imekwisha, sasa hakuna wa kulaumiwa.

Ndipo nikaona mkono. Huujui mkono huo? Wenye kovu la jembe.

"Naomba kuuliza," Mwende akasema.

Mwalimu Omuse akafumba macho. Mgeni akasimama na mkoba wake. "Uliza."

"Ukishajua watu wa nyumbani kwetu ni wangapi, utawafanyia nini?"

Mama Amoit akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Yule mgeni akafikiri, akafikiri kweli, si kwa kujifanya. Akasema, "Hakuna. Nilitaka tu tuzoeane."

"Basi tuzoeane kwa kitu kingine. Watu hawahesabiwi."

"Kwa nini?"

"Ukiwahesabu, mmoja anaweza kupungua."

Ningekuwa mimi ni mgeni, pengine ningecheka. Yeye hakucheka. Aliweka mkoba chini. Akauliza, "Na usiku, bibi yako anajuaje kwamba wote wamerudi nyumbani, kama hakuhesabu?"

"Kwa bakuli. Kila mtu ana lake. Bibi akipakua, bakuli likibaki bila mtu, kuna mtu yuko nje. Mtu akibaki bila bakuli, tumepata mgeni."

"Kwa hiyo anahesabu bakuli."

"Hapana. Hana haja. Anaangalia tu kilichobaki."

Mgeni alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake njiani. Akatugeukia sisi wa dirishani, akauliza kwa heshima, "Ni kweli? Wazee, hivi ndivyo?" Mzee mmoja akajibu kwamba bomani kwake kila ng'ombe ana kigingi chake, kigingi kitupu ndicho kinachomtoa kitandani. Mama wa omena akasema vifuniko vya vikapu vyake. Kila mtu akawa na lake. Mwalimu Omuse akaona mgeni anafurahi, akapata nguvu, akasema, "Hiyo ndiyo desturi yetu, mwalimu, nilikuwa natafuta namna ya kukueleza."

"Umechelewa kunieleza," mgeni akamwambia akicheka, "nilikuwa nimeshafika Busia!" Kisha akapiga makofi. "Sawa! Leo hakuna mtu atakayehesabiwa. Tuambizane: humu darasani, wavulana na wasichana, nani wamezidi? Bila kuhesabu hata mmoja!"

Sasa, Muli, mwache mama acheke. Wakaambiwa washikane mikono, mvulana mmoja na msichana mmoja, watoke nje wawili wawili. Nani ashike mkono wa nani mbele ya baba yake? Wakakataa kabisa. Wasichana wakaficha mikono mgongoni. Mwende ndiye aliyekimbia shambani akarudi na mabua ya mahindi, akawagawia: wewe shika huku, wewe shika huko. Wakatoka wameshika mabua kama wanaobeba mgonjwa. Mwishoni wakabaki wavulana wenye mabua yasiyo na mtu upande wa pili, na mama wa omena akapiga kelele, "Hao wamekosa wachumba! Wapelekeni Uganda!" Hata Mwalimu Omuse alicheka mpaka akalegeza tai.

Mgeni akawaambia hiyo ndiyo hesabu anayoitafuta. Kwamba kabla watu hawajajua kusema moja, mbili, tatu, walijua kilichobaki. Halafu akatoa neno ambalo sikulitegemea kwa mwalimu. "Sitawapa mtihani. Nendeni nje, mle mlichobeba, mkirudi kila mmoja aniletee swali ambalo hajawahi kumwuliza mtu. Sitaki jibu. Nataka swali."

Ungeuona uwanja huo, dada! Watoto waliofundishwa miaka yote wanyamaze, sasa wanatembea wakijisemesha kama wachungaji. Mmoja alimshika baba yake, "Baba, nimuulize nini?" Baba akamwambia, "Muulize analipwa vipi." Mwende hakula. Alikwenda kusimama kwenye kichuguu ambapo reli inaonekana, na treni ya mizigo ilikuwa inapita kwenda Tororo, ile ndefu ya Jumamosi. Akaitazama mpaka ikaisha, kisha akaendelea kutazama mahali ilipoishia.

Waliporudi wakauliza. Mmoja aliuliza kwa nini nusu ya nusu haiishi. Mwingine aliuliza kama kuna namba ambayo hakuna mtu amewahi kuitaja. Mgeni kila swali alilipokea kama mtu anayepokea yai. Ikafika zamu ya Mwende.

"Kama kuna treni isiyo na mwisho," akasema, "mabehewa yanaendelea tu, halafu mtu aongeze behewa moja huku mbele, hiyo treni imerefuka?"

Nilishika dirisha. Mgeni alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Alimpa chaki. "Onyesha bila kuhesabu. Kilichobaki ni nini?"

Akachora treni mbili, moja juu, moja chini, zote zikitoka ubaoni na kuendelea. Ya juu imeongezwa behewa. Akavuta mstari: hili lililoongezwa liangalie la kwanza la chini. Lililokuwa la kwanza juu liangalie la pili la chini. La pili liangalie la tatu. Akavuta, akavuta, halafu akasimama. Akageuka.

"Hakuna kilichobaki," akasema. "Imeongezwa na haijazidi."

Darasa likalipuka. Kijana mmoja alipanda juu ya dawati akipinga, "Haiwezekani! Umeiongezea!" Mwingine akapinga anayepinga. Mgeni alikuwa katikati yao anacheka kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari, na Mwalimu Omuse hakumkataza mtu. Mama Amoit akaniuliza, "Mtoto amesema nini?" Nikamwambia amesema treni imeongezwa na haijazidi. Akafikiri. Akasema, "Kama kazi ya nyumbani." Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, na ninakuambia nilielewa. Nililiona! Nilisimama pale na simiti yangu, nikaliona kama ninavyoona mkono wangu.

Baadaye mgeni alisema majina. Kutoka shule hii alichagua wachache, wa kike ni Mwende peke yake. Kisha akatoka nje akaja kwangu.

"Wewe ndiye baba yake?"

"Ni mjomba. Baba yake amefariki. Mama yake yuko Masii."

"Mwalimu mkuu ananiambia ameshatafutiwa kazi Nairobi."

"Ndiyo."

"Naondoka sasa hivi. Nahitaji mtu wa kusema ndiyo au hapana."

Nilimuuliza mambo ambayo wewe ungemuuliza. Wasichana watalala wapi? Akasema bweni lao peke yao, na mwalimu wa kike analala humo humo. Tutalipa nini? Akasema chakula na malazi havilipwi, aje na blanketi, sahani na kikombe. Na baada ya Agosti, atapata nini? Hapa dada sikufichi. Hakuniahidi kitu. Alisema atarudi kufanya mtihani wake na wenzake, na watakaofanya vizuri watajaribu kuwatafutia nafasi ya sekondari na mtu wa kuwalipia. Alisema "watajaribu". Nilimwambia kazi ya Nairobi si ya kujaribu, ipo. Akaniambia, "Najua. Sina kitu cha kushindana nayo ila yeye mwenyewe."

Mwende alikuwa amesimama mbali, ameshika yale mabua, hajasogea. Hakuniomba. Yeye anayeuliza kila kitu, hilo moja hakuniuliza.

Nikasema ndiyo. Kwetu mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake, na hilo neno sijawahi kulitumia hata siku moja. Nililitumia hapo.

Usifikiri nilifanya kwa sababu ya furaha ya siku moja. Nimelipima neno hilo wiki nzima. Jumatatu tulipokuwa tunapumzika kwenye magunia niliwaambia wenzangu habari ya treni. Ojiambo, mtu wa Sigalame ambaye hubeba mzigo nami bega kwa bega, alikasirika kabisa. "Treni isiyo na mwisho itaegeshwa wapi? Stesheni gani hiyo?" Mwingine akamwambia, "Mjinga wewe, haifiki stesheni, hiyo ndiyo maana yake." "Sasa tutaipakuaje?" Nyapara alikuja kutufukuza akakuta tunachora mabehewa kwenye vumbi la simiti kwa vidole. Akauliza kuna nini. Tukamwambia. Akachutama, akachora mstari wake, akakaa hapo mpaka yeye mwenyewe akachelewesha kazi. Mpaka leo kundi letu limegawanyika, Ojiambo hataki hata kupokea tumbaku ya wanaosema haijazidi. Dada, sijawahi kuona watu waliochoka vile wakiamka kwa kitu ambacho si chakula wala mshahara. Na kitu hicho kilitoka kichwani mwa mtoto wako.

Nikawaza: yaya anaweza kupatikana. Binamu yetu akitangaza leo, kesho wasichana wamejaa mlangoni. Lakini huyu tukimfunga mgongoni mtoto wa mtu sasa hivi, kabla ya mtihani, nani atamfungua?

Najua wewe hapo unatazama watoto wengine, na wao wanakula kila siku, si siku za hesabu tu. Kwa hiyo nimemwomba nyapara anipe zamu za usiku mpaka mwisho wa mwaka. Kile ambacho ungepata kutoka kwa mshahara wa Mwende nitajitahidi kikufikie kutoka kwangu kupitia kwa Mutiso, labda kisitoshe sawasawa, lakini kitafika. Mgongo utaniambia maneno yake, nami nitauambia usubiri Desemba. Binamu nimemwandikia mwenyewe, lawama zije kwangu.

Neno la mwisho hata hivyo ni lako. Mutiso atapita tena Malaba kabla Julai haijaisha. Ukisema hapana, nitampandisha Mwende kwenye lori kwa mkono wangu, sitanuna, na yeye ameniahidi kwamba hatalia mbele ya Mutiso. Ukisema ndiyo, mwambie Mutiso neno hilo tu. Ila nakuomba kabla ya kusema, ukae siku moja na barua hii, Muli akusomee tena lile la bakuli.

Mwende anasema nikuambie hana kiburi. Anasema akirudi atapalilia mbaazi zote peke yake. Pia ana swali kwako: kuku anajuaje kwamba kifaranga mmoja hayupo? Anataka umtazame yule mwekundu jioni, umletee jibu. Nimemwambia mama ana kazi. Amesema hata mama anaweza kupenda kujua.

Nisalimie mwaitu, mwambie dawa ya magoti ya Wateso nitamletea. Nisalimie kaka yetu mkubwa Mutua, na umwambie asikasirike kwamba nimeamua bila kikao, ningekuja lakini reli hainipi ruhusa. Msalimie shangazi Kalunde anayefinyanga vyungu, na jirani yetu fundi baiskeli, na mwalimu wa shule ya Jumapili aliyemfundisha Mwende kusoma. Wadogo wote wapake mafuta ya kichwa niliyompa Mutiso, wasiyale.

Mama Amoit anasalimu, anasema ana dada Masii sasa hata kama hajamwona.

Likizo yangu nimeshaiomba. Nategemea kufika Masii wiki moja kabla ya Krismasi, mitihani ya shule ikiwa imekwisha, na nitakuwa naye, awe amepita Butula au ametoka Nairobi, kutegemea utakavyosema. Akiwa ametoka Nairobi nitakuletea kanga. Akiwa amepita Butula sitakuwa na kanga, dada, na utamkuta mlangoni anataka kukuchorea kitu kwenye vumbi kabla hajakaa.

Ndimi ndugu yako anayekupenda,
Kioko